Kuhama baridi kali na kwenda kuishi penye joto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu aliyechoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari alfajiri, na sasa anataka kuhama kabisa au kukaa mbali miezi ile mibaya tu. Nyuzi zote za joto zilizotajwa ni za Selsiasi.

Nianze kwa kuchagua nchi au kuchagua hali ya hewa?

Hali ya hewa kwanza, na uanze na mwezi wake mbaya kuliko yote. Wengi wanaokimbia baridi huenda kupatazama mahali pakiwa katika siku zake nzuri: ni Januari, mbingu nyeupe haina wingu, watu wamevaa kaptula, na wewe juzi tu ulikuwa unazoa theluji mlangoni. Hapo hata penye tanuri mwezi wa Julai patakuvutia.

Idara za hali ya hewa hutoa wastani wa miaka 30. Unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020, kwa utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Humo usihangaike na wastani wa mwaka mzima. Las Palmas katika Visiwa vya Kanari na Phoenix ya Arizona zinapishana kwa nyuzi chache tu ukitazama wastani huo. Lakini Las Palmas wastani wake wa mwezi huchezea kati ya nyuzi 18 na 25 hivi, na Phoenix mwaka 2023 ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika nyuzi 43 au zaidi.

Soma namba tatu: joto la mchana la mwezi wa joto zaidi, joto la usiku la mwezi huohuo, na kiwango cha umande. Ile ya usiku ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayochosha. Mchana wa nyuzi 36 ukifuatiwa na usiku wa 19 huvumilika hata bila kiyoyozi. Mchana wa 32 na usiku wa 27 haukupi nafasi ya kulala, na kuta za nyumba hazipoi mpaka msimu ugeuke.

Kiwango cha umande ni kitu gani, na kwa nini nisitazame tu asilimia ya unyevunyevu?

Ni joto ambalo hewa ikipozwa hadi kulifikia, mvuke wake huanza kugeuka matone. Kwa mkazi wa kawaida ni kipimo cha jasho: litakauka au litabaki mwilini? Chini ya nyuzi 15 hewa ni nyepesi. Kwenye 18 ngozi huanza kunata. Ikipita 21 wengi waliotoka kwenye baridi huanza kulalamika, na kwenye 24 shati hulowa ukiwa umekaa kivulini bila kufanya lolote.

Asilimia hupotosha kwa kuwa hubadilika kila joto linapobadilika. Asilimia 90 ya alfajiri kwenye nyuzi 12 haina neno. Asilimia 60 ya mchana kwenye nyuzi 33 ni mateso, maana kiwango cha umande hapo ni kama 24.

Jambo hili ndilo linaloamua hata vifaa vya nyumbani. Feni haipozi hewa, inakausha jasho tu. Joto likizidi nyuzi 40, Shirika la Afya Duniani linashauri usiitegemee, kwa sababu inakupulizia moto. Zile mashine za kupoza kwa maji, za bei nafuu na umeme kidogo, hufanya kazi vizuri jangwani. Ukiziwasha pwani zinakuongezea unyevunyevu chumbani, basi.

Mbona kuna miji karibu na ikweta yenye ubaridi?

Mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5. Quito iko karibu kabisa na ikweta, lakini kwa kuwa ipo mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wake hukaribia nyuzi 10 mwaka mzima. Kwa mtu anayechukia theluji lakini hawezi joto, nyanda za juu za tropiki ni chaguo zuri kuliko ufukwe wowote. Tahadhari ni jua: mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000, na ubaridi wa upepo hukufanya usahau.

Huzuni inayonijia kila majira ya baridi itaisha?

Inategemea kama kinachokuumiza ni baridi au ni giza. Huzuni ya msimu ilielezwa rasmi mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake, na tiba yake ya kwanza haikuwa joto bali mwanga. Siku hizi hutumika taa ya lukisi 10,000 (lukisi ni kipimo cha mwanga) kwa nusu saa kila asubuhi. Ikiwa taa ya namna hiyo hukusaidia, basi unachokitafuta ni latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta, unaopimwa nao kwa nyuzi. Katikati ya Desemba, mahali palipo nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta hupata mchana usiotimia saa 6. Nyuzi 40 hupata saa 9 na dakika 20 hivi. Kwenye ikweta ni saa 12 na kitu, Desemba na Juni sawasawa.

Kwa hiyo mtu anaweza kuhama kilomita 800, akapata mji usio na theluji lakini wenye mawingu kutwa, na Januari akajikuta palepale. Tazama saa za jua kwa mwezi, zimo katika zile takwimu za miaka 30. Pia wapo ambao huzuni yao huja wakati wa joto. Hao kuhama kutawaongezea tatizo. Na dawa za huzuni usiziache kwa sababu umeona jua. Mwachie daktari uamuzi huo.

Na maradhi ya viungo, pumu, presha?

Viungo: wengi husema wanapata nafuu, ila tafiti hazikubaliani, kwa hiyo usiuze nyumba kwa ajili ya goti. Vidole vinavyogeuka vyeupe na kufa ganzi kwenye baridi, hao hupata nafuu ya kweli. Pumu inayochochewa na hewa baridi na kavu hutulia, lakini kuvu wa ukutani na chavua za mwaka mzima zinaweza kuchukua nafasi yake. Mwenye sklerosisi anuwai (MS), ugonjwa wa neva, ajihadhari: joto la mwili likipanda hata kidogo, uoni na nguvu za miguu hufifia kwa muda. Na kwenye majangwa ya Arizona na bonde la kati la California kuna kuvu anayeishi udongoni ambaye vumbi lake likivutwa huleta homa ya mapafu inayoitwa homa ya bonde. Ukikohoa wiki kadhaa huko, mtajie daktari jina hilo.

Mwili huchukua muda gani kuzoea?

Siku 7 hadi 14 za kuwa kwenye joto kila siku. Katika siku hizo moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwenda kwenye ngozi, jasho huanza mapema zaidi, na chumvi inayotoka nayo hupungua. Kujifungia ndani ya kiyoyozi wiki mbili hakukuzoeshi chochote.

Kwa kazi za nje kuna kanuni inayotumiwa kuwalinda wafanyakazi wapya: siku ya kwanza fanya asilimia 20 ya kazi ya kawaida, kisha uongeze isiyozidi 20 kila siku. Itumie hata kwa kulima bustani au kupakua mizigo. Kosa la kawaida kabisa ni kufika Jumamosi na kutaka kumaliza kupanga nyumba Jumapili.

Kunywa maji kabla ya kiu, hasa ukiwa umepita miaka 65, kwa maana kiu hupungua na umri. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa. Kizunguzungu, kichefuchefu na jasho jingi: ingia kivulini, lala, nyanyua miguu, kunywa maji yenye chumvi kidogo na sukari. Lakini mtu akianza kuchanganyikiwa, kusema ovyo au kuzirai, hilo ni pigo la joto na linaua. Ita gari la wagonjwa, na wakati unasubiri mmwagie maji baridi mwili mzima. Usimnyweshe kitu.

Ukirudi kwenye baridi wiki tatu, sehemu kubwa ya mazoea hayo huwa imepotea. Wanaokwenda na kurudi wanayaanza upya kila safari.

Dawa zangu zitaathirika?

Zipo zinazobadilisha jinsi mwili unavyovumilia joto: za kupunguza maji mwilini, baadhi ya dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, na zile zinazokausha mdomo, ambazo kwa kawaida hukausha na jasho. Litiamu inahitaji uangalifu wa pekee, kwani ukikaukiwa maji kiwango chake kwenye damu hupanda hadi kuwa sumu. Nenda kwa daktari na orodha nzima kabla ya kuhama, si baada ya kuugua.

Kuhusu kuhifadhi: vidonge vingi vinataka mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30, na kabati la jikoni penye joto hupita hapo mchana. Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Nyingi zikishafunguliwa hudumu kama siku 28 mahali pasipozidi 25 au 30, kwa kadiri karatasi yake inavyosema. Usiiache garini hata dakika ishirini.

Nipajaribu vipi kabla ya kuuza nyumba?

Panga nyumba, usinunue, na ukae wiki nne au zaidi ndani ya mwezi mbaya. Ukisema huna muda wa kujaribu mwezi mbaya, basi huna muda wa kuhama.

Ishi kama mkazi. Usikae hotelini. Kwenda sokoni saa nane mchana, kupanda basi, kusubiri kwenye foleni ya ofisi isiyo na kiyoyozi, kulala na umeme umekatika: hayo ndiyo maisha yenyewe. Kila siku andika mambo matatu: ulilala saa ngapi, ulitoka nje saa ngapi kwa hiari yako, na kiyoyozi kiliwaka saa ngapi. Baada ya siku kumi daftari litakuambia jambo ambalo kichwa hakitaki kulikubali. Mtu asiyetoka nje kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni amehamisha tu kifungo chake kutoka Januari hadi Julai.

Mwombe mwenye nyumba bili za umeme za miezi 12 iliyopita, sio ya mwezi mmoja. Gharama ya kupasha joto haipotei ukihama. Mara nyingi inageuka ya kupoza, na huja miezi mingine.

Kama mko wawili, kila mmoja awe na daftari lake na asilichungulie la mwenzake mpaka mwisho. Ni kawaida mmoja kuwa ndiye anayetaka kuhama na mwingine kuwa anafuata tu.

Nyumba ya penye joto inachaguliwaje?

Tazama upande wa magharibi kwanza. Jua la alasiri huingia likiwa chini na hewa ikiwa tayari imechemka, kwa hiyo chumba cha kulala chenye dirisha kubwa la magharibi ni adhabu. Kivuli cha nje, iwe kibaraza, mti au kipazia cha mbao, kinashinda pazia la ndani, maana likishapita kwenye kioo joto limeshaingia. Ukivuka ikweta kwenda kusini kumbuka jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Waliozoea kutafuta madirisha ya kusini kwa ajili ya jua hukosea hapo.

Paa la rangi nyeupe lenye kizuizi cha joto juu ya dari lina faida kuliko kiyoyozi kikubwa. Na kiyoyozi kikubwa kupita kiasi ni kosa: hupoza chumba dakika chache kisha hujizima kabla hakijakausha hewa, ukabaki na chumba baridi chenye majimaji. Nguvu ya viyoyozi hupimwa kwa BTU (kipimo cha joto) kwa saa, na 12,000 ni sawa na kilowati 3.5 za kupoza. Fundi akikupigia hesabu bila kuuliza madirisha yako upande gani na dari ina kizuizi gani, mtafute mwingine. Chujio lisafishwe kila mwezi wakati wa joto, na bomba la kutoa maji ya kiyoyozi lizibuliwe kabla halijafurika ukutani.

Unyevunyevu ndani usipite asilimia 60, vinginevyo kuvu huanza nyuma ya makabati, kwenye viatu vya ngozi, chini ya godoro. Kipimo kidogo cha unyevunyevu ni kitu rahisi. Weka kimoja chumbani, kimoja kabatini.

Jambo moja linalowashtua wengi: nyumba za maeneo yenye baridi ya wastani, kama Ureno na kusini mwa Hispania, nyingi hazina mfumo wa kupasha joto. Nje Januari ni nyuzi 12, ndani nako hakuna tofauti kubwa, na sakafu ni ya marumaru. Watu waliotoka kwenye theluji husema hawajawahi kuhisi baridi ndani ya nyumba kama huko. Uliza.

Nataka kuondoka miezi ya baridi tu. Nyumba ninayoiacha niifanyeje?

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Bomba mara nyingi halipasuki pale penye barafu. Hupasuka kati ya barafu na koki iliyofungwa, ambako maji yamebanwa hayana pa kwenda. Na uharibifu wenyewe hauonekani siku ya kuganda, unakuja siku ya kuyeyuka, nyumba haina mtu.

Njia ya kwanza ni kufunga valvu kuu ya maji, kufungua koki zote shinikizo liishe, na kuacha kipasha joto kwenye nyuzi 10 hadi 13. Kipasha joto kikizimika, maji yaliyobaki kuvuja ni machache. Njia ya pili, kwa baridi kali au umeme usioaminika, ni kuikausha nyumba yote, kwa mpangilio huu:

1. Zima umeme au gesi ya hita ya maji kabla ya kitu kingine. Koili ikiwaka bila maji huungua.
2. Funga valvu kuu, kisha fungua koki za ghorofa ya juu, halafu za chini, za moto na za baridi, pamoja na bafu na koki ya nje.
3. Toa maji ya hita kwa mpira hadi yaishe. Vuta choo, na yaliyobaki tangini yafyonze kwa sponji.
4. Puliza mabomba kwa kompresa, koki moja baada ya nyingine, shinikizo lisizidi baa 3.
5. Mimina dawa ya kuzuia kuganda kwenye ile kona ya bomba chini ya kila sinki na bafu, nusu lita hadi lita moja, na zaidi kwenye bakuli la choo. Iwe ya propilini glaikoli. Ile ya rejeta ya gari kwa kawaida ni ethilini glaikoli, nayo ni sumu.
6. Mashine ya kufulia na ya kuoshea vyombo: pampu na mipira yake hubaki na maji. Hizi ndizo zinazosahaulika kila mwaka.

Ikiwa nyumba inapashwa joto kwa maji yanayozunguka kwenye rejeta za ukutani, mzunguko huo ni wa peke yake na hukaushwa na fundi. Friji izimwe, isafishwe na mlango uachwe wazi.

Kisha soma bima. Mikataba mingi huacha kulipa nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60, au hudai mtu aikague kwa vipindi fulani. Mpe jirani daftari aandike tarehe na sahihi kila anapoingia. Daftari hilo ndilo ushahidi wako.

Naweza kukaa siku ngapi bila kujiingiza kwenye matatizo ya kodi na viza?

Hapa kuna hesabu nne tofauti ambazo watu huzichanganya: ya viza, ya kodi, ya bima ya afya na ya pensheni.

Viza: katika nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, mgeni asiyehitaji viza hukaa siku 90 ndani ya siku 180 zozote. "Zozote" ndiyo neno lenyewe. Dirisha la siku 180 linasogea nawe kila siku, halianzi upya Januari, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa.

Kodi: nchi nyingi humwona mtu mkazi akifikisha siku 183, lakini nyumba, familia na kazi vinaweza kukufanya mkazi hata kabla. Marekani ina hesabu yake: siku za mwaka huu, jumlisha theluthi ya siku za mwaka jana, jumlisha sudusi (moja ya sita) ya siku za mwaka juzi. Ikifika 183, na mwaka huu umekaa angalau 31, unahesabiwa mkazi isipokuwa uthibitishe una uhusiano wa karibu zaidi na nchi nyingine. Anayekaa siku 120 kila mwaka hupata 180 na kupona. Anayekaa 122 hufika 183. Siku mbili tu! Ndiyo maana tiketi na mihuri ya pasipoti hutunzwa.

Afya: bima ya serikali mara nyingi haivuki mpaka. Medicare ya Marekani kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi, na mifumo mingi mingine humtoa mtu akikaa nje muda mrefu.

Pensheni: pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka kwa wanaoishi Marekani au nchi za Umoja wa Ulaya, lakini kwa wanaohamia Australia, Kanada au Afrika Kusini hubaki pale ilipokuwa siku waliyohama. Kwa miaka ishirini, hiyo si tofauti ndogo.

Gari nilichukue?

Kama lilizunguka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi, lipandishe juu na fundi aangalie mabomba ya breki na chesisi kabla ya safari. Kutu inayolala kwenye baridi huamka kwenye joto na unyevunyevu. Oshea tumbo lake kwa maji mengi.

Tairi za theluji ziondoe: mpira wake umetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 7 hivi, na kwenye lami ya moto huisha upesi na kusimama kunachelewa. Betri nayo, kinyume cha wengi wanavyodhani, huuawa zaidi na joto. Baridi huifichua tu. Na usimwage dawa ya rejeta ukaweka maji matupu kwa kuwa hakuna barafu. Mchanganyiko ule wa nusu kwa nusu hupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu.

Vitu gani visipakiwe?

Ndani ya kontena juani joto hupita kwa mbali la nje, na usiku mvuke hudondoka kutoka darini kama mvua. Mishumaa, dawa, betri, rangi na picha za karatasi zisiingie humo. Samani za mbao zilizozoea hewa kavu ya nyumba inayopashwa joto huvimba zikifika penye unyevu, droo hukwama, gundi huachia. Zipe wiki chache kabla ya kuziranda. Vifaa vya umeme angalia kibandiko: kilichoandikwa volti 100–240 kitafanya kazi popote, kilichoandikwa 120 pekee kitaungua kwenye 230.

Nguo za baridi nigawe zote?

Bakiza seti moja kamili kwa kila mtu, pamoja na viatu. Misiba haisubiri majira ya joto.

Mbwa wangu wa manyoya mazito ataweza?

Ataweza ukibadilisha ratiba: atembezwe alfajiri na usiku. Weka mgongo wa mkono kwenye lami kwa sekunde saba; ukishindwa, na nyayo zake hazitaweza. Usimnyoe, kwani manyoya ya tabaka mbili humkinga na jua pia. Mbwa wa pua fupi wako hatarini zaidi, na mashirika mengi ya ndege huwakataa kwenye sehemu ya mizigo msimu wa joto.

Anza karatasi miezi mitano kabla. Kuingia Umoja wa Ulaya kunahitaji chipu kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha siku 21 za kungoja. Chanjo ikitangulia chipu haihesabiki. Akitoka nchi isiyo kwenye orodha yao, damu hupimwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na kuna miezi mitatu zaidi ya kusubiri. Huko uendako muulize daktari wa mifugo kuhusu minyoo ya moyo, ambayo huenezwa na mbu.

Mbu je?

Anayeeneza dengi huuma mchana na huzaliana kwenye maji safi ya nyumbani: visahani vya maua, ndoo, matairi. Wa malaria huuma usiku. Chandarua pekee basi hakimalizi kazi. Yai huwa mbu kwa wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo mwaga maji yote yaliyotuama mara moja kila wiki, siku ileile. Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya sindano na, tangu Julai 2016, ni cha maisha.

Na vimbunga?

Msimu wa Atlantiki ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Kimbunga cha daraja la kwanza kina upepo wa kilomita 119 kwa saa, la tano 252 na zaidi, lakini daraja hupima upepo tu, na mara nyingi kinachoua ni maji. Uliza nyumba iko mita ngapi juu ya bahari. Bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani haigusi mafuriko, na ile ya mpango wa serikali huanza siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo haikusaidii ukishasikia kimbunga kimepewa jina. Karibu na ikweta, ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo, vimbunga ni nadra mno.

Nikishindwa, nirudi vipi?

Panga mlango wa kurudi kabla ya kutoka. Nyumba ya zamani ipangishe kwa mkataba wa mwaka mmoja badala ya kuiuza, acha akaunti ya benki wazi, na uulize utasubiri muda gani ili bima yako ya afya ifufuke. Ukirudi, rudi Aprili au Mei, kama kwenu ni kaskazini mwa ikweta. Anayerudi Januari hulipa bei ya juu ya mafuta ya kupasha joto, hukuta mafundi wote wameshikwa, na nyumba iliyokaushwa maji huchukua siku nzima kuamka: valvu kuu hufunguliwa robo tu, koki zote zikiwa wazi, mtu mmoja kila ghorofa akisikiliza kama kuna pahala panapovuja, na hita ya maji haiwashwi mpaka iwe imejaa.